Vyombo vya Nyumba na Mlango wa Forodha

Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita alinijia hapa nyumbani Makorora mama mmoja jirani yangu, simu mkononi na wasiwasi usoni. Binti yake, ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na moja akiishi Muscat, ameamua kurudi nyumbani moja kwa moja pamoja na mumewe na watoto wao watatu. Kazini wamekwisha kuaga, shule za watoto zimekwisha kutafutwa, na nyumba iko tayari. Kilichobaki ni vyombo. Je, avilete au aviuze huko huko? Na akivileta, ushuru hautazidi bei ya kununua vipya hapa Tanga?

Mama huyu hakuja kwangu kwa kuwa mimi ni mjuzi wa sheria. Alikuja kwa sababu anakumbuka, kama wakumbukavyo wazee wengi wa mtaa huu, jinsi shangazi yangu alivyolipata jibu la swali hilo kwa taabu. Nilimwekea kiti, nikamsimulia upya, na leo naona nisimulie katika ukurasa huu, maana barua za wasomaji wanaohama au kurudi kutoka ng'ambo zimekuwa nyingi.

Shangazi aliolewa Mombasa, akakaa Majengo. Mumewe alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kwa watu wa pwani wa wakati ule, kutoka Tanga kwenda Mombasa hakukuwa kuhama nchi. Ilikuwa ni kwenda kwa ndugu. Na forodha nayo haikuwa jambo la kutisha. Tanganyika ilikuwa imeingia katika umoja wa forodha na Kenya na Uganda tangu mwaka 1927, idara za forodha zikaunganishwa mwaka 1949, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Desemba 1967. Mtu alipanda basi na kapu lake, akashuka Likoni.

Mwishoni mwa mwaka 1976 mambo ya Jumuiya yalikwisha kuharibika, na mumewe shangazi akarudishwa Tanga. Akatangulia, akapanga nyumba hapa Makorora. Shangazi alimfuata mwezi Januari na sanduku moja la nguo, kusudi aitazame nyumba, apime madirisha kwa ajili ya mapazia, kisha arudi Mombasa kufunga vyombo. Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Kabla ya mwaka huo kwisha Jumuiya yenyewe ilikuwa imevunjika. Mpaka haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Ni miaka sita na miezi tisa. Mtu mwenye miguu aliweza kupenya kwa njia za panya, na wapo waliopenya, lakini kitanda cha besera hakipenyi. Vyombo vya shangazi vilibaki Majengo katika chumba cha jirani yake: kitanda, kabati la vyombo, sanduku la mvule alilopewa na mamake siku ya arusi, seredani mbili, sufuria, birika la shaba, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na cherehani ya miguu. Hiyo cherehani ndiyo iliyomuuma zaidi. Mshahara wa mumewe ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi, naye alikuwa fundi mzuri wa nguo za watoto. Kwa miaka yote ile alishona kwa mkono, au kwa kuomba zamu katika cherehani ya mtu.

Mali ya Jumuiya ilipata mpatanishi, Dk. Victor Umbricht kutoka Uswisi, na mkataba wa kuigawa ulitiwa saini tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Shangazi hakuwa na mpatanishi. Mwezi Februari mwaka huo huo, miezi mitatu kabla ya serikali kumaliza mgawo wao, alikusanya nauli akaenda kuvifuata vyombo vyake mwenyewe.

Alivikuta. Yule jirani wa Majengo, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwaminifu kuliko benki. Mchwa walikuwa wamekula tendegu moja la kitanda, na kabati lilikuwa limetumiwa na wapangaji wawili mfululizo, lakini cherehani ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Mama yule alikuwa akiipaka kila mwezi ili isishike kutu, na ule mkanda wa ngozi uliokatika alikuwa ameununua upya. Mumewe jirani, karani mstaafu, alimketisha shangazi kwenye mkeka na daftari la shule, akamwambia: "Dada, usipakie hata kijiko kabla hujakiandika." Wakaandika kurasa nne. Kila chombo na hali yake: kitanda kimoja cha besera, tendegu moja limeliwa na mchwa, sufuria sita, mbili hazina vifuniko, sanduku moja la mvule, kitasa kibovu. Shangazi aliona ni upuuzi wa kikarani, akanyamaza kwa adabu.

Baada ya kuandika, wakaja watu. Habari zilikuwa zimeenea Majengo kwamba lori linakwenda Tanga. Tukumbuke hali ilivyokuwa kwetu siku zile: sabuni ilikuwa ya kutafutwa, mafuta ya kupikia ya kupangiwa foleni, khanga mpya ni habari ya kuzungumzwa kisimani. Mmoja alileta doti sita za khanga kwa ajili ya dada yake wa Makorora. Mwingine alileta katoni ya sabuni kwa wazazi wake. Shangazi hakuweza kukataa, nani angekataa? Vyote vikaingia ndani ya sanduku la mvule, na daftari halikufunguliwa tena.

Mpakani waliamriwa washushe vyombo vyote. Mwaka uliokuwa umetangulia, 1983, ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na sheria yake ilipitishwa mwaka huo huo. Watu walikuwa wametupa mali baharini na vichakani kwa hofu. Afisa yeyote aliyekutana na lori lililotoka Mombasa alikuwa na sababu ya kulitazama mara mbili. Huyu alikuwa kijana mwenye heshima, nasema hivyo kwa kuwa shangazi mwenyewe alisema hivyo mpaka alipofariki.

"Ndugu, hivi vyote ni vyako?"

"Vyangu, mwanangu. Nimeviacha tangu mwaka sabini na saba."

Akampa daftari. Kijana akasoma, akaenda kwenye kitanda, akainama kutazama tendegu. Akahesabu sufuria. Akavuta kitasa cha sanduku, kikamfungukia mkononi. Shangazi anasema ndipo alipoanza kumwombea dua yule karani wa Majengo kimoyomoyo. Lakini ilipofika cherehani kijana akasimama. Ilikuwa inang'aa mno. Mkanda mpya. Chombo cha aliyekuwa mbali miaka saba kinawezaje kung'aa? Ni ya kuuza hii, alisema, na kama si ya kuuza basi ni ya biashara.

Shangazi hakuwa na stakabadhi. Cherehani ilinunuliwa kabla ya Uhuru wa Kenya, na karatasi yake ilikwisha kuliwa na mende. Akamwonyesha kijana pale mezani pa cherehani, upande wa kulia, palipoungua kwa pasi ya mkaa: alama nyeusi ya umbo la pasi, ncha yake ikielekea kwenye sindano. Akamwonyesha pedali ilivyolika upande mmoja, maana mguu wake wa kushoto ulikuwa na nguvu kuliko wa kulia. Akafungua kile kijumba cha uzi wa chini, akatoa uzi wa rangi ya waridi, akasema alikuwa akishona gauni la mtoto siku alipoondoka. Kijana akacheka, akaandika "imetumika" pembeni mwa daftari.

Kisha akafungua sanduku.

Khanga zilikuwa bado na karatasi ya dukani. Sabuni ilikuwa ndani ya katoni yake. Kijana akapitisha kidole katika daftari, ukurasa wa kwanza hadi wa nne, akaurudia. Akauliza ni vya nani. Shangazi, ambaye hakujua kusema uongo, akajibu: "Vya watu."

Jibu hilo lilimgharimu siku nzima na usiku mmoja pale mpakani. Kwa kuwa sanduku lilikuwa na mali ya watu, daftari zima likatiliwa shaka, na kila chombo kikakaguliwa upya hata ndani ya kinu. Asubuhi yake vyombo vyake vikaruhusiwa, cherehani ikiwemo. Khanga na sabuni zilibaki. Nikiipima leo, siwezi kumlaumu kijana yule. Alitenganisha vyombo vya nyumba na vitu vya dukani, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Hapa Makorora, hata hivyo, haikuonekana hivyo. Yule dada wa doti sita hakuamini kabisa kwamba khanga zake zilizuiwa na cherehani ikapita. Alisema shangazi amezihonga ili apitishe mali yake. Hawakusemezana miaka kumi na mmoja, na siku ya arusi ya binti wa shangazi mlango wake ulikuwa umefungwa, naye yumo ndani.

Hayo ni ya zamani. Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000, umoja wa forodha ukaanza tarehe 1 Januari 2005, na sheria inayotawala mambo haya katika nchi wanachama ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Hapa kwetu inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Nimeisoma, hasa Jedwali lake la Tano, na lililonishangaza ni jinsi lilivyo karibu na maswali ya yule kijana.

Sheria inasema hivi kwa maneno mepesi. Mtu anayehamisha makazi yake kutoka nje ya nchi wanachama kuja kuishi ndani husamehewa ushuru wa nguo zake na wa vyombo vyake binafsi na vya nyumba, vya aina yoyote, mradi vilikuwa vikitumika na yeye au nyumba yake kule alikotoka. Haitaji jokofu wala kitanda kwa jina. Inataja matumizi. Friji iliyopoza maziwa ya watoto wako Muscat ni chombo cha nyumba. Friji ya pili, ambayo haijatolewa katika boksi lake, ina maswali ya kujibu. Tena viwe ni mali ya mhamaji mwenyewe, na viwe vya aina na wingi ambao afisa ataona unafaa. Maneno hayo ya mwisho yanampa afisa nafasi ya kutumia akili yake, na ndiyo yanayowafanya watu wawili wenye mizigo inayofanana watoke bandarini na hesabu tofauti. Cherehani moja ni ya nyumba. Cherehani nne, hata zikiwa kuukuu, zitaonekana ni karakana.

Visivyosamehewa vimetajwa waziwazi: bidhaa za biashara, vitu vilivyokusudiwa kuuzwa au kupewa watu wengine, na vitambaa vya jora. Akina mama wenye jamaa Oman, someni tena hapo kwenye vitambaa. Najua desturi. Hakuna anayerudi kutoka Uarabuni bila jora la kugawia dada na mawifi, na kila mmoja hudhani kuwa zawadi haihesabiwi. Inahesabiwa. Manukato nayo yana kipimo chake kwa mhamaji, nusu lita kwa jumla pamoja na maji ya marashi, na katika hiyo manukato yenyewe yasizidi robo. Wapenda marashi wa Tanga watasikitika, lakini ndivyo ilivyo.

Muda pia una mpaka wake. Vyombo visivyofuatana na mwenyewe vinatakiwa viingie ndani ya siku 90 tangu alipowasili, na Kamishna anaweza kuongeza muda, lakini usipite siku 360 kwa jumla. Nawajua watu waliokuja wao kwanza, wakaacha vyombo kwa rafiki mpaka wapate fedha za kontena, mwaka ukawapita. Nikiwasikia namkumbuka shangazi na chumba cha Majengo. Tofauti ni kwamba yeye alifungiwa mlango na serikali.

Tusichanganye msamaha wa ushuru na safari ya bure. Nauli ya meli, gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha, na lori la kufikisha vyombo mlangoni havimo katika msamaha huo. Kontena likilala bandarini kwa sababu karatasi hazijakamilika, gharama za kulihifadhi huendelea kupanda kila siku. Kwa hiyo karatasi zitangulie mzigo: hati ya shehena iwe kwa jina la mhamaji mwenyewe wala si la shemeji, pasipoti na kibali cha ukaazi vinavyoonyesha alikuwa akiishi huko kweli, barua ya mwajiri kwamba kazi imekwisha, na orodha ya vyombo kwa Kiswahili au Kiingereza, yenye hali ya kila kimoja. Stakabadhi ikiwepo ni heri. Isipokuwepo, piga picha chombo kikiwa mahali pake nyumbani, kitanda kikiwa kimetandikwa na sufuria ikiwa jikoni, kabla hakijafungwa. Hiyo ndiyo alama ya pasi ya siku hizi.

Na katika kufunga, vyombo vya udongo vifungwe kwa magazeti au mashuka. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na sioni sababu ya mtu kuanza maisha mapya kwa kuulizwa habari ya mifuko. Miche, mbegu na udongo wa bustani viachwe huko, maana vina ukaguzi wake wa afya ya mimea.

Kwa wasomaji wa Mombasa na Kwale mnaohamia Tanga niseme machache. Msamaha nilioueleza umeandikwa kwa ajili ya anayetoka nje ya nchi wanachama. Ninyi mnatoka ndani, ambamo bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama hazitozwi ushuru wa kuingiza mradi asili yake ithibitishwe. Na kwa shehena ya thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani ipo hati nyepesi ya uasili inayotolewa hapo hapo mpakani. Hata hivyo mtapita forodhani na mtaulizwa, kwa hiyo daftari la shangazi linawahusu nanyi pia. Siku hizi Horohoro na Lunga Lunga huhudumia msafiri mahali pamoja, na barabara ya kuja Tanga ni ya lami tupu, jambo ambalo shangazi angelicheka kwa kutoamini.

Bandari yetu nayo imebadilika. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, shehena ikaletwa kwa matishari. Sasa mlango umechimbwa hadi kina cha mita 13, na magati yenye urefu wa mita 450 yamejengwa, hata yule binti wa jirani anaweza kuuliza kama kontena lake litashushiwa hapa hapa badala ya Dar es Salaam. Aulize bei zote mbili kabla ya kuamua.

Ikabaki habari ya gari. Sheria inamruhusu mhamaji aliyetimiza miaka kumi na minane kuingiza gari moja bila ushuru, lisiwe basi la watu zaidi ya 13 wala gari la mizigo la zaidi ya tani mbili. Lakini liwe lake binafsi, na awe amelimiliki na kulitumia huko nje kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili, bila kuhesabu siku za melini. Jirani yangu alimpigia binti yake pale pale sebuleni kwangu. Likaulizwa gari. Jibu likaja kwamba limeandikishwa kwa jina la mume tangu miezi minane iliyopita. Kabla ya hapo lilikuwa la kampuni, naye alikuwa akiliendesha tu.

Mume anataka wangoje miezi minne ili mwaka utimie. Binti anasema shule za watoto zinafunguliwa Januari, na barua ya kuacha kazi imekwisha kupokelewa. Juzi walikuwa bado wanabishana. Orodha ya vyombo, kwa upande wake, imefika kwa simu, kurasa tatu, na nimemrudishia mama yake aiulize habari ya majora manne ya kitambaa yaliyoandikwa ukurasa wa pili, mstari wa chini kabisa, kwa maneno "mapazia ya nyumbani".